Kabla Hatujayafunga Mabanda ya Gemu

Kila likizo ya skuli inapokaribia, hapa Pemba huzuka mjadala ule ule: mabanda ya gemu yafungwe. Huanzia barzani, hupanda hadi kwa sheha, na mara nyengine hufika kwenye meza za wilaya. Hoja zake zinajulikana. Watoto wanatoroka chuoni, pesa ya chakula inaishia mkononi mwa mwenye banda, sala zinapita, na lugha inayosikika humo ndani haifai kurudiwa mbele ya wazazi. Sikusudii kuzikejeli hoja hizi. Mzazi ambaye mwanawe wa miaka kumi na miwili yumo bandani saa nne za usiku ana haki ya kuukasirikia mlango ule. Ninachokikataa ni hitimisho, kwani naona tunakaribia kuvunja kitu ambacho hatujakitazama vizuri.

Tukitazame basi. Banda la kawaida la Chake Chake, Wete au Mkoani lina TV mbili tatu, aghalabu zile za kichogo, mabenchi, feni moja, na PlayStation 2. Mashine hii kampuni ya Sony ilianza kuiuza Japani mwezi Machi 2000, na uundaji wake ukasimamishwa mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kote. Mtu aliyeinunua dukani London au Tokyo alishaipandisha darini zamani, kama hakuitupa. Kwetu ingali inalisha familia ya mtu, zaidi ya miaka kumi baada ya kiwanda kuiacha mkono.

Inawezekanaje? Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu, hasa nyinyi mlio maofisini, mvute subira kidogo, kwa sababu jibu ni la kiufundi na ndani yake mna siasa.

Kitu cha kwanza kufa katika mashine hii ni jicho linalosoma diski. Vumbi, joto na hewa ya chumvi ya bahari havina huruma nalo. Katika nchi yenye maduka ya kila kitu, huo ungekuwa mwisho: mtu angenunua nyengine. Fundi wetu hafanyi hivyo. Huchukua memori kadi iliyotiwa programu ya bure iitwayo Free McBoot, ambayo huifanya mashine, pindi inapowashwa, itazame kadi kabla ya kutazama diski. Kutoka hapo hufunguliwa programu nyengine ya bure, Open PS2 Loader, inayosoma gemu kutoka kwenye flashi, kwenye hadi diski au kwa waya wa mtandao. Jicho lililokufa halihitajiki tena. Miaka ya karibuni kimetokea kijikadi kiitwacho MX4SIO, kinachochomekwa kwenye tundu la memori kadi na kubeba kadi ya SD ya kawaida, ile ile iliyomo kwenye simu na kamera. Mashine ya 2000 imepewa ghala la leo.

Fundi anayajua na mengine yasiyoandikwa katika kitabu chochote cha mtaala wetu. Anajua kuwa mlango wa USB wa mashine hii ni wa kizazi cha zamani, ndiyo maana filamu za utangulizi wa gemu hukwamakwama zikisomwa kwenye flashi ilhali gemu yenyewe hucheza vizuri. Anajua kuwa mashine iliyoletwa na mitumba ya Japani imeundwa kwa volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 utasikia mlio mmoja na kuona moshi. Anajua kwa nini TV fulani ya zamani huionesha picha ya mashine ya Kijapani kwa rangi nyeusi na nyeupe, na anajua pa kwenda kubadilisha katika mpangilio ili rangi zirudi. Anajua matoleo ya mwisho kabisa ya mashine ambayo Free McBoot haiyakubali, na huyatambua kwa kusoma namba iliyo chini ya kasha kabla hajatoa pesa yake. Ukimuuliza alijifunza wapi, atacheka.

Kazi hii hii, huko Ulaya, Marekani na Japani, ina jina na ina heshima. Huko wamo watu wazima, wahandisi na walimu, waliojitolea kuzihuisha kompyuta na mashine za gemu za miaka ya 1980. Wametengeneza kaseti za gemu zenye tundu la kadi ya SD, mfano zile ziitwazo EverDrive, ili mashine ya zamani iweze kuchezesha maktaba nzima bila ya kutafuta kaseti moja moja. Wana mradi uitwao MiSTer, unaotumia kipande ambacho nyaya zake za ndani hupangwa upya kwa maagizo. Leo kikawa sakiti ya mashine hii, kesho kikawa ya ile. Mwaka 2017 Waingereza walichangishana fedha kuiunda upya kompyuta yao ya 1982, ZX Spectrum, kwa jina la ZX Spectrum Next. Na juu ya vifaa hivyo vipya kwa mashine kongwe, zinaandikwa gemu mpya kabisa. Mwaka 2019 kikundi kidogo cha Ujerumani kilitoa gemu iitwayo Micro Mages kwa ajili ya mashine ya Nintendo ya miaka ya 1980. Gemu nzima, pamoja na picha na muziki wake, ina kilobaiti 40. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwa WhatsApp kwa kawaida huizidi.

Nyingi ya gemu hizo mpya zimejengwa kwa mtindo wa zile mashine za sarafu zilizosimama katika kumbi za Tokyo na New York, enzi za Space Invaders (1978) na Pac-Man (1980). Kanuni yake ni nyepesi: sarafu moja, dakika chache, ugumu unaoongezeka, alama zinazohesabika, na nyuma yako watu wanaosubiri zamu. PlayStation 2 haikuundwa kwa hayo. Iliundwa kwa sebule ya mtu mmoja. Mwenye banda wa Pemba ndiye aliyeirudisha kwenye ukumbi wa sarafu. Kwa shilingi mia chache unapata mechi moja ya dakika kumi, ukifungwa unampisha mwenzio. Yeye hakuwahi kusoma historia ya kumbi zile. Aliifikia kanuni ile ile kwa sababu wateja wake hawana pesa ya kununua mashine, ila wana pesa ya kuikodi kwa dakika.

Sasa turudi nyuma, maana kuna swali la kwa nini kizazi changu hakikupata kuzijua kompyuta za nyumbani zilipokuwa mpya. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, baada ya Hazina kuungua vidole katika jaribio la kuweka hesabu zake kwa mashine hizo. Hofu ya kupoteza fedha za kigeni ilikuwa ya kweli na sitaibeza. Lakini tazama kalenda. Kompyuta ya Commodore 64 ilitoka 1982, mwaka mmoja na ZX Spectrum. Mashine ya Famicom ya Nintendo ilitoka 1983. Huo ndio mwongo ambao mtoto wa Manchester au wa Osaka aliweza kukaa mbele ya TV ya baba yake na kuandika maagizo kumi ya BASIC, akaona herufi zikimtii. Sisi wa Zanzibar, waliokuwa na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970 wakati Bara haikuwa na kituo chochote hadi 1994, tulikuwa na kioo cha kutazamia lakini hatukuwa na mashine ya kuchomeka nyuma yake. Mlango wa biashara ulipoanza kufunguliwa mwaka 1984, chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, vitu vya umeme vilimiminika kutoka Dubai: redio, deki, TV. Baadaye zikaja mashine za kaseti za kuiga Famicom, zenye padi za plastiki nyepesi na kaseti zinazodai kuwa na gemu 999 ilhali ni zile zile tano zikijirudia. Bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka, na umeme wa Pemba ulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha hadi ulipozinduliwa waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010. Kwa ufupi, kompyuta ilitufikia ikiwa tayari imefungwa kasha: kifaa cha kutumia, bila ya kile kipindi ambacho mtu wa kawaida aliweza kuielewa yote.

Wenzetu wa Ghuba walikipata kipindi hicho, na kwa lugha yao. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, chini ya Mohammed Al-Sharekh, ilichukua kompyuta za nyumbani za mfumo wa MSX, uliotangazwa 1983, ikazitia maandishi ya Kiarabu na kuziuza kwa jina la Sakhr. Watoto waliandika programu kwa Kiarabu, na kampuni ikatoa programu ya Qur'ani miaka mingi kabla hatujaota kuwa nayo kwenye simu zetu. Watoto wa jamaa zetu waliokulia Maskati na Dubai walikuwa na nafasi ya kukutana na mashine hizo. Ili kuifanya kazi ile, Waarabu walilazimika kutatua tatizo kubwa: herufi zinazoungana, zinazobadilika umbo, zinazoandikwa kutoka kulia. Kiswahili chetu hakina tatizo hata moja la namna hiyo. Herufi zake zote, pamoja na kile kikato cha juu katika ng', zimo ndani ya kompyuta yoyote iliyotoka kiwandani mwaka 1982. Hakukuwa na kizuizi cha kiufundi. Kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba jambo hili lafaa kufanywa.

Nitoe mfano wa kitu ambacho kingeweza kufanywa hata leo mchana. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Hali nzima ya ubao, wakati wowote wa mchezo, inaweza kuhifadhiwa kwa namba 32, moja kwa kila shimo, pamoja na namba mbili za kete zilizomo mikononi mwa wachezaji wakati wa kunamua. Kila namba hukaa kwenye baiti moja. Kumbukumbu ya kazi ya Famicom ni baiti 2,048 tu. Gawa kwa 32 utapata 64, idadi ile ile ya kete, jambo ambalo ni sadfa tupu lakini limenifurahisha. Maana yake ni kwamba mashine dhaifu kabisa miongoni mwa zile tulizozitupa inao uwezo wa kubeba bao, na nafasi kubwa ikabaki. Mwanafunzi atakayejaribu kuandika kanuni za kichwa na kimbi, na kutakata, na zile hukumu za nyumba ambazo wazee hugombana kwazo hadi magharibi, atakuwa amejifunza mantiki ya kompyuta kwa undani ambao slaidi zangu za darasani hazimpi. Tena atalazimika kwenda kuwauliza wazee, kwa sababu intaneti haitamtosheleza.

Hili linanirudisha kwenye neno lenyewe. Sehemu ya uhasama wetu kwa mabanda inatokana na mkorogeko wa lugha. Kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa gemu za kompyuta na kwa kamari, na sisi katika kutafsiri tumepata taasisi ya Bara iitwayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo kwa Kiingereza haina neno la kamari katika jina lake. Kwa hiyo ofisa anayesikia "gemu" huona mashine zile zinazomeza sarafu za vijana, ambazo Bara huitwa dubwi. Tofauti ni kubwa. Katika dubwi, mkono wa mchezaji hauna athari yoyote juu ya matokeo. Mashine imepangiwa ile sehemu gani ya kila mia. Katika gemu ya mpira, au katika mtindo wa sarafu niliouelezea, anayefanya mazoezi hushinda. La kwanza lipigwe vita bila ya kusitasita. Kuyaweka mawili kwenye amri moja ni uvivu wa kiutawala. Tena huwasaidia wenye dubwi, kwani nao hupata kusema kuwa wanaonewa pamoja na watoto.

Najua nitaulizwa kuhusu wizi, na ni haki niulizwe. Gemu nyingi zinazochezwa mabandani hazikununuliwa kwa wenyewe. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na ina ofisi yake, COSOZA, na siwezi, nikiwa ninayesahihisha kazi za wanafunzi na kukasirikia udurufu, kujidai kwamba jambo hili halipo. Lakini kufunga mabanda hakumlipi mwandishi wa gemu hata senti moja. Kinachoweza kulipunguza tatizo ni kuwa na gemu zetu: zilizoandikwa hapa, zenye mwandishi anayejulikana, zinazoruhusiwa kuchezwa. Harakati za duniani za gemu mpya kwa mashine kongwe zimethibitisha kuwa mtu mmoja au wawili wanaweza kumaliza gemu nzima, kwa sababu udogo wa mashine huzuia kazi isiwe kubwa. Kwa simu za leo au mashine mpya za Sony, gemu moja huajiri mamia ya watu kwa miaka. Kwa kilobaiti 40, mchumaji wa karafuu anayepanda mkarafuu akikwepa matawi makavu na kujaza pakacha kabla ya mvua ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa vijana wawili wa Micheweni.

Wapo wanaosema: kwa nini tuhangaike na vikuukuu, na dunia inazungumza akili bandia? Hoja hii huisikia zaidi kwa wenzangu wasomi kuliko kwa wazee. Jibu langu ni la mwalimu. Mwanafunzi wangu anayetumia simu ya kisasa hawezi kuifungua; betri imegandishwa kwa gundi, programu imefungwa, na duka la programu liko ng'ambo. Anaijua kwa kidole tu. Kompyuta ya 1982 ina vipande vinavyoweza kuhesabika kwa macho na kupimwa kwa mita ya fundi. Kichakataji chake kina maagizo machache kiasi kwamba mtu huyahifadhi yote kichwani kwa muhula mmoja. Kila kilichomo ndani ya mashine za leo, tangu kumbukumbu, saa, mlango wa kuingizia na wa kutolea, kimo humo kwa udogo wake. Hata daktari huanza na mwili uliolala mezani kabla hajaruhusiwa kumgusa anayepumua.

Sasa, kwa wale walio na mihuri. Masheha na wilaya waweke saa na umri: hakuna mtoto wa skuli bandani saa za masomo, wala baada ya isha, na mwenye banda akikiuka atozwe faini. Hilo linatosha kwa malalamiko mengi ya wazazi, na ni rahisi kulisimamia kuliko kufunga, kwani banda lililofungwa mbele hufunguliwa uani. Wanaokwenda kukagua waache tabia ya kuchukua mashine. Mashine iliyochukuliwa huozea stoo, na ile iliyoozea stoo ndiyo iliyokuwa na vipuri.

Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo vyake Vitongoji na Daya. Fani za umeme na elektroniki zinajulikana huko. Ninachopendekeza ni muhula mmoja wa majaribio unaoongozwa na fundi wa banda kama mkufunzi wa muda, akilipwa kama mkufunzi yeyote, hata kama hana cheti. Pingamizi la cheti nalitarajia. Tuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa kwa mafundi magari na waashi. Sijaona sababu ya kuuzuia kwa mtu anayelehemu mguu wa kipande chenye upana wa punje ya mchele. Chuo Kikuu chetu, SUZA, nacho kina wanafunzi wa kompyuta wanaomaliza bila ya kushika sakiti mkononi; washushwe Pemba wiki chache, wao wafundishe kuandika maagizo, nao wafundishwe kutafuta kosa kwenye bodi.

Vifaa havihitaji mfadhili. TV za kichogo zinatupwa kila siku, na zitupwe kwetu, lakini ziharakishwe, kwa sababu hazitengenezwi tena na mashine kongwe huonekana vizuri zaidi juu yake. Zikimalizika tutalazimika kununua vigeuzi vya HDMI. PlayStation 2 zilizokufa zimejaa chini ya meza za mafundi. Mtihani wa mwisho uwe wa vitendo: kila mwanafunzi akabidhiwe moja iliyokufa, bila ya kuelezwa imekufa kwa sababu gani, na apewe siku mbili.